Gari Linatetemeka Likisimama: Ni Kawaida? (Posti ya 17)

Wiki iliyopita tuliachana kwenye vidonda vya kitandani na maswali yenu nimeyaona, nitayajibu. Leo naomba mnivumilie, nakwenda gereji. Wale mliozoea niongelee dawa na wodi msikimbie, wodini tutafika, tena kwa njia ambayo mimi mwenyewe sikuitegemea.

Nina kagari. Passo ya mwaka 2006, cc 996, "pistoni tatu" kama mjini wanavyoiita. Nilinunua mkononi kwa dada mmoja, kwa mkopo wa SACCOS ambao mpaka leo unakatwa kwenye mshahara kabla sijauona. Sikununua kwa sifa. Nilikuwa nimechoka kusimama kituoni saa kumi alfajiri, giza, na sare yangu kwenye mfuko wa rambo, nikiomba Mungu daladala ije kabla ya mtu mbaya hajaja. Kwa hiyo mkiniona na kale kagari msikacheke. Kale ni usalama wangu.

Siku ya kununua nilienda na kijana fundi akakague. Alifungua boneti, akawasha, akasikiliza, akasema safi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye siti ya dereva, nikahisi usukani unatetemeka kwa mbali. Nikamuuliza, "Mbona kama inatetemeka?" Akacheka. "Sista, hii ni pistoni tatu. Passo zote ndivyo zilivyo. Kawaida hiyo."

Kawaida. Shikeni hilo neno.

Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Mtetemo ulikuwepo, nikauzoea, nikausahau. Halafu mwaka jana, kama mwezi wa tano hivi, nikaanza kuona kitu. Nikisimama kwenye taa za Buguruni, gia ikiwa D, mguu kwenye breki, siti inatetemeka mpaka mgongoni. Kioo cha kati kinacheza, magari ya nyuma nayaona mawili mawili. Ufunguo wa nyumba niliouweka kwenye kisahani cha karibu na gia unalia chekecheke. Nikiondoka tu, gari linatulia, kama siyo lenyewe lililokuwa na homa sasa hivi. Nikifika Tazara nikasimama tena, homa inarudi.

Mafundi wanasema gari linatetemeka "ikiwa sailensi". Maana yake umewasha, umesimama, hujakanyaga mafuta, injini inajizungukia yenyewe. Na kwa Dar es Salaam yetu, ndugu zangu, sailensi ndiyo sehemu kubwa ya safari. Tabata mpaka kazini mimi nasimama kuliko ninavyotembea.

Nikauliza watu. Mwenzangu wa wodini ana Passo pia: "Yangu hivyo hivyo, usiwe na wasiwasi." Mume wangu: "Si walikwambia pistoni tatu?" Dereva bajaji anayepaki nje ya hospitali, ambaye yeye kila kitu anajua: "Madam, Passo bila kutetemeka si Passo."

Nikakubali, maana jibu la "kawaida" lina raha yake. Halina gharama.

Lakini likazidi. Siku moja natoka zamu ya usiku, nimewasha AC kwa sababu ya joto, nikasimama kwenye foleni, gari likatikisika kwa nguvu, likashuka pumzi, likataka kuzima. Nikazima AC haraka, likajikusanya. Nilikuwa peke yangu, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, barabarani. Nikasema hapana, leo leo.

Nikaenda gereji ya kwanza niliyoikuta. Fundi hakuuliza kitu. Alisikiliza nusu dakika, akatingisha kichwa kama daktari anayeleta habari za msiba. "Injini imechoka hii, sista. Hapo dawa yake ni kuweka injini nyingine ya mtumba. Milioni moja na laki tatu, na ufundi tutaelewana."

Jamani. Milioni moja na laki tatu, na mkopo wa gari lenyewe bado haujaisha.

Nilirudi nyumbani sijui nacheka au nalia. Watu wanne wameniambia ni kawaida, mmoja ameniambia injini imekufa. Usiku ule, nikiwa nimejilaza, ndipo lilinijia wazo la kinesi. Hao wote watano hakuna hata mmoja aliyepima kitu. Hakuna aliyeniuliza imeanza lini.

Sisi wodini hatufanyi hivyo, au tuseme hatutakiwi kufanya hivyo. Ukinipa mgonjwa presha 90 kwa 60 ukaniuliza, "Nesi, hii ni kawaida?", sitakujibu kabla sijafungua faili. Kama ni binti mwembamba ambaye siku zote ana 95 kwa 60, anakula, anakojoa, anaongea vizuri, basi huyo ndivyo alivyo. Kama ni baba ambaye presha yake ya kila siku ni 160 kwa 100, leo amekuja na 90 kwa 60, jasho linamtoka, huyo ninamkimbilia. Namba ni ile ile. Unaitazama ilipotoka na imekuja na nini.

Basi nikafanya kile ninachokijua. Nikachukua daftari la mwanangu, nikafungua chati ya Passo. Msicheke.

Nikaandika wiki nzima. Asubuhi injini ya baridi: inazunguka kwa kasi zaidi, mtetemo mdogo. Ikishapata moto na kushuka: mtetemo unaongezeka. Gia ikiwa N au P: kidogo. Gia ikiwa D na breki nimekanyaga: mwingi. R: mwingi zaidi, na kuna mgongo "dang!" wakati wa kuingiza. AC ikiwashwa: mwingi, na inashuka pumzi. Barabarani kilomita 60 kwa saa: hakuna. Taa ya injini kwenye dashibodi: haijawaka. Mafuta: yanaisha haraka kidogo kuliko mwaka jana. Na kipimo changu cha kienyeji: chupa ya maji ya nusu lita, nimekunywa nusu, nimeisimamisha kwenye kishikio. Kwenye N maji yanatengeneza viduara. Kwenye D yanarukaruka.

Na hiyo chati nikaipeleka kwa fundi wa tatu, mzee mmoja wa Ilala ambaye dada yangu alinielekeza. Gereji yake ni mti wa mwarobaini na benchi moja.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Gari inaumwa nini?"

Neno lake hilo, inaumwa nini. Nikamkabidhi daftari. Alivaa miwani, akasoma lote, akanitazama. "Wewe unafanya kazi gani?"

"Nesi."

"Ndiyo maana."

Sasa hapa naomba niwaeleze alichonifundisha yule mzee, maana najua wengi mna Passo, Vitz, IST na kila aina ya mkopo.

Kwanza, kijana wa siku ile ya kununua hakunidanganya. Injini yoyote inatetemeka, kwa sababu ndani yake kuna milipuko. Kila pistoni inalipua mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili ya injini. Gari likiwa sailensi injini inazunguka kama mara 750 kwa dakika. Yenye pistoni tatu inapata milipuko 1,125 kwa dakika, kama 19 kwa sekunde. Yenye nne inapata 1,500, yaani 25 kwa sekunde. Yenye sita inapata 2,250. Milipuko ikiwa mingi na imekaribiana, mwili hauhisi mmoja mmoja, unahisi kitu kimoja laini. Ikiwa michache, kila mmoja unaufikia mgongoni. Ndiyo maana Passo ya pistoni tatu haiwezi kutulia kama gari la pistoni sita hata ukiinunua mpya. Zipo Passo za cc 1300 zenye pistoni nne, na hizo zimetulia zaidi.

Halafu, pistoni tatu zikipanda na kushuka kwa zamu, injini inataka kuyumba mbele na nyuma kama mtumbwi wenye watu wawili wanaokaa na kusimama. Injini nyingine za namna hii huwekewa shafti ya kusawazisha.

Ndiyo maana pia ukikanyaga mafuta homa inaisha. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, pistoni tatu zinatoa milipuko 3,750, zaidi ya 60 kwa sekunde. Kilichokuwa kinapiga kama ngoma sasa kinavuma kama nyuki. Tatizo liko pale pale, umelifunika tu kwa kasi.

Pili, kati ya injini na bodi ya gari kuna maunti. Ni raba nene zilizoshikwa na vyuma, na nyingine zina mafuta ndani. Magari madogo haya ya kuvuta kwa magurudumu ya mbele huwa na maunti tatu au nne. Kazi yake ni kubeba injini na kumeza mtikisiko usifike kwako. Raba inazeeka. Joto, miaka, mafuta ya injini yakiivujia, mashimo ya barabara zetu. Inapasuka, inalala, chuma kinagusana na chuma, na kila mlipuko unakuja moja kwa moja kwenye siti.

Mzee aliniambia nikae ndani, nikanyage breki kwa nguvu, hendibreki juu, boneti wazi, yeye akasimama pembeni, kamwe si mbele ya gari. "Weka D. Rudisha N. Weka R." Kila nilipoingiza, injini ilikuwa inaruka kama kuku aliyefungwa miguu. "Njoo uone," akaniita baada ya kuzima. Akamulika na tochi ya simu: maunti ya nyuma raba imekatika kabisa, unaona mpaka upande wa pili.

Nikashukuru, nikadhani tumemaliza. Akasema, "Bado. Daftari lako linasema inashuka pumzi na inakula mafuta. Maunti hailetagi hayo."

Hapo ndipo nilipomheshimu. Wodini tunafundishwa hivyo hivyo, ukipata ugonjwa mmoja usiache kutafuta wa pili.

Aliwasha gari, akaenda nyuma, akaweka kiganja karibu na bomba la ekzosi bila kuligusa. Kama unavyoshika mapigo ya moyo. "Weka mkono wako hapa." Nikaweka. Pumzi zilikuwa zinakuja puf, puf, puf, halafu moja inakuja dhaifu, inateleza. Mapigo yasiyolingana nayajua mimi, miaka kumi nayashika kwenye vifundo vya watu. Sikuhitaji kuelezwa.

"Inamisi," akasema. Pistoni moja kuna wakati hailipui vizuri.

Akarudi mbele, akawa anachomoa soketi ya koili moja moja kwa muda mfupi sana. Ya kwanza alipochomoa gari lilitaka kufa. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu alipochomoa, karibu hakuna kilichobadilika. Mvivu amejulikana. Kufungua plagi ya pale, ncha imeliwa, na haikufanana na wenzake wawili. Kuna mtu kabla yangu alibadilisha moja tu, akaweka iliyokuwa karibu.

Akasafisha na throto, ule mdomo wa hewa ya injini, ulikuwa mweusi kama chini ya sufuria. Akasema uchafu ule unaizuia hewa ile kidogo ambayo injini inaitegemea ikiwa sailensi, na ukiwasha AC mzigo unaongezeka, ndiyo inashuka pumzi.

Hesabu: maunti ya nyuma 85,000, plagi tatu 75,000, kusafisha throto 20,000, ufundi 40,000. Jumla 220,000. Siyo hela ndogo kwangu. Lakini siyo milioni moja na laki tatu.

Kabla sijaondoka aliniambia niwashe, niweke D, nikanyage breki, nikae. Nikakaa. Kimya. Usukani ulikuwa bado una mtetemo wa mbali, ule wa siku ya kwanza kabisa.

"Bado inatetemeka kidogo, mzee."

"Huo uliobaki ndiyo wake. Ushike vizuri, uujue. Siku ukibadilika utaujua mapema, hutasubiri mpaka injini iruke."

Nikaandika kwenye daftari: hii ndiyo kawaida yake.

Kwa hiyo kwa wale wanaoniuliza, jibu fupi ni hili. Mtetemo mdogo, unaolingana, ambao umekuwa hivyo hivyo tangu umelijua gari, hasa la pistoni tatu au la dizeli, huo ni wake. Mtetemo ambao haukuwepo na sasa upo, au ulikuwepo na sasa umezidi, huo nenda kaupime. Ukiwa mwingi kwenye D na mdogo kwenye N, na unasikia mgongo ukiingiza gia, anza na maunti. Ukiwa haulingani, gari linakosa pumzi, linanuka mafuta, linakula mafuta, anza na plagi na koili. Mizunguko ikipanda na kushuka yenyewe, angalia throto na mipira ya hewa iliyopasuka. Taa ya injini ikiwaka, wapime kwa mashine, namba zitawaambia: P0301 ni silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, P0303 ya tatu. Na taa hiyo ikiwa inawaka na kuzima-kuzima huku gari linatikisika, usiendelee kulisukuma, paki pembeni. Mafuta ambayo hayajaungua yanakwenda kwenye katalista, inapata moto kupita kiasi na kuharibika, na hiyo bei yake itawatoa machozi. Mtetemo unaokuja ukiwa kwenye kasi ni kesi nyingine: matairi, rimu, shafti. Huo si wa sailensi.

Na msibadilishe injini kwa sababu mtu amesikiliza nusu dakika.

Sasa niwapeleke nilikosema tutafika.

Miezi yote ile gari linatetemeka, mama yangu alikuwa kwangu. Alitoka Muheza kuja kunisaidia na mtoto mdogo. Jumapili nilikuwa nampeleka kanisani, katikati ya wiki nampitisha sokoni. Anakaa siti ya mbele, mikono mapajani juu ya kanga. Na kila tukisimama kwenye taa, mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Niliuona. Niliuona mara nyingi tu. Nikawa najisemea, hili gari linanitia aibu, linamtikisa hadi mama wa watu. Yeye mwenyewe alikuwa anatania, "Mwanangu, gari lako lina malaria."

Jumapili ya kwanza baada ya matengenezo tulikuwa kwenye foleni, tunatoka kanisani. Nilikuwa na furaha na utulivu wa gari langu, namwonyesha chupa ya maji, "Mama, ona, maji hata hayachezi." Akaangalia chupa. Na mimi nikaangalia chupa, halafu macho yakashuka kwenye kanga.

Mkono ulikuwa unatetemeka.

Nilifanya kitu ambacho sijui kwa nini nilikifanya. Nilizima injini. Gari likawa kimya kabisa, hakuna kinachotikisika mle ndani, na mkono wa mama uliendelea, taratibu, kidole gumba na cha shahada kama mtu anayeviringisha kitonge kidogo cha ugali. Akaja kijana wa karanga dirishani, mama akanyoosha mkono ule ule kumpa mia tano. Ukatulia. Akaurudisha mapajani. Ukaanza tena.

Nyuma walikuwa wananipigia honi. Nikawasha, nikaondoka, sikusema kitu mpaka nyumbani.

Mimi ni nesi. Kutetemeka kwa mkono ukiwa umepumzika, kunatulia ukifanya kazi, kumeanza upande mmoja. Nimefundishwa hilo darasani, nimeliandika kwenye mtihani. Na kwa mama yangu mzazi nilikuwa nimeliandika kwenye hesabu ya Passo.

Usiku nikakaa naye jikoni, nikamuuliza maswali yale ya mzee wa Ilala. Imeanza lini mama? "Mbona zamani, tangu mwaka juzi. Nikaona ni uzee." Unazidi? "Unazidi." Kuna kingine? Akafikiri. Kwenye kikoba wanamcheka sahihi yake imekuwa ndogo kama ya sungusungu. Harufu ya chakula haipati vizuri, nami nilidhani anakisema vibaya chakula changu. Na mimi mwenyewe nikakumbuka, akitembea mkono wa kulia haubembei, umebaki pembeni tu. Vyote nilikuwa nimeviona, kila kimoja nikakipa sababu yake. Uzee, gari, mapishi.

Nilimpeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Alimwambia anyooshe mikono, akunje, agonganishe vidole, atembee, aandike jina lake. Akasema ni Parkinson. Ameanzishwa vidonge vya levodopa na carbidopa, na mazoezi ya kutembea. Haiponi, na nilimwambia mama ukweli huo, kwa sababu angeniuliza. Lakini sasa anafunga vifungo vya gauni mwenyewe, na anakwenda sokoni kwa hatua ndefu kidogo. Alivyoelewa ni ugonjwa wenye jina na dawa, alilala vizuri kuliko mimi. Aliniambia, "Afadhali. Nilidhani nimezeeka ghafla."

Naomba mnielewe, si kila mkono unaotetemeka ni Parkinson. Kuna tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kuna sukari kushuka, kuna baadhi ya dawa, zikiwemo za kutapika na za magonjwa ya akili, kuna pombe, kuna mtetemo wa kurithi ambao kinyume na wa mama huonekana zaidi mtu anaposhika kikombe. Msijipe ugonjwa kwa posti yangu, na msiache dawa yoyote kwa posti yangu. Nendeni mkapimwe.

Kinachoniuma mimi ni hesabu moja tu. Kwa gari nilienda kwa mafundi wawili ndani ya mwezi mmoja, nikaandika chati wiki nzima, nikasimamisha chupa ya maji. Kwa mama miezi yote ile sikwenda popote. Sikuandika hata mstari.

Lile daftari la mwanangu bado ninalo. Kurasa za mbele ni Passo. Nimeligeuza, kurasa za nyuma sasa ni za mama: saa alizokunywa dawa, saa mkono unapotulia, saa unaporudi. Kliniki daktari analisoma lote, kama yule mzee chini ya mwarobaini.

Jana tulipita tena Buguruni, taa nyekundu ndefu. Mama akaweka kiganja kwenye dashibodi, akasikiliza. "Linatetemeka kidogo," akasema.

"Hiyo ndiyo yake, mama."

Akacheka, akauficha mkono wake chini ya kanga. Nikautoa, nikaushika mpaka taa ikawa kijani.

Basi wapendwa, kwa leo niishie hapo. Posti ya 18 nitarudi kwenye vidonda vya kitandani na namna ya kumgeuza mgonjwa nyumbani bila kujiumiza mgongo. Kama una mzazi umemzoea anatetemeka, ameanza kusahau, au anapumua kwa shida akipanda ngazi, na kila mtu nyumbani anasema "kawaida", kesho asubuhi muulize swali moja tu: imeanza lini? Halafu andika jibu lake.

Niwatakie zamu njema, wenye zamu.